KIBODI NA KIPANYA BILA WAYA: KIKUNDI KINUNUE AU KINGOJE?



Zamani mali ya kikundi ilikuwa majembe, sufuria kubwa za kukodisha, viti na hema. Siku hizi viko vikundi vyenye kompyuta pia. Nyingi ni laptopu za mtumba. Na sababu ya kuwa nayo ipo. Kikundi kikitaka kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kinaombwa katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Kikienda kuomba mkopo, makaratasi tena. Kila ukurasa unaopelekwa mjini kuchapishwa unalipiwa, na kosa moja la jina au namba ya kitambulisho linakurudisha tena kule kule.

Sasa, laptopu ya mtumba ina ugonjwa wake. Kwanza huanza herufi moja kugoma, labda "a". Na Kiswahili bila "a" utaandika nini? Hapo ndipo kijana mmoja husimama mkutanoni na kusema: "Tununue kibodi na kipanya bila waya, maneno yaishe." Wazee wanatazamana. Akina mama wanauliza ni pesa ngapi. Wengine wanapiga makofi kwa sababu ni kitu cha kisasa.

Katika toleo hili tunaeleza kitu hiki ni nini, kinanunuliwaje, kinatumiwaje, na ni wakati gani kikundi kifanye vizuri kutokinunua. Pesa zenyewe ni za ndizi, nyanya na vitunguu vilivyouzwa soko la Jumatano na Jumamosi. Si pesa za kuchezea.

NI VITU GANI HIVI?

Kibodi ni ule ubao wa herufi unaobonyeza ili kuandika. Kipanya, au mausi kama wengi tunavyosema, ni kile kidude unachokisukuma mezani ili mshale utembee kwenye kioo. Kipanya kilionyeshwa mbele ya watu mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Marekani, na mhandisi Douglas Engelbart. Kile chake cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao, nacho kilikuwa na waya kama mkia. Ndiyo maana kikaitwa panya.

Hivi vya leo bila waya hutuma habari kwa mawimbi ya redio. Ndani ya kibodi mna kijiredio kidogo kinachotangaza: "amebonyeza a, amebonyeza b." Upande wa kompyuta lazima kuwe na sikio la kusikiliza. Sikio hilo ni la aina mbili:

(a) Kipokezi cha USB. Ni kidude kidogo, kama ukucha wa kidole gumba, kinachochomekwa kwenye tundu la kompyuta. Seti nyingi za bei nafuu ni za aina hii. Kipokezi kimoja husikiliza kibodi na kipanya pamoja.

(b) Bluetooth. Hapa hakuna kipokezi cha kuchomeka, maana sikio limo tayari ndani ya laptopu nyingi na ndani ya simu za kisasa. Lakini kompyuta kubwa za mezani za zamani mara nyingi hazina Bluetooth. Uliza kabla ya kununua.

Aina zote mbili hufanya kazi vizuri katika umbali wa mita 10 hivi mahali pa wazi.

KWANZA KAENI CHINI MHESABU

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14). Hata kibodi ni mnara mdogo.

Seti yenye waya huwa ni ya bei ya chini kuliko isiyo na waya. Haitaki betri. Haina kipokezi cha kupotea. Ukiichomeka inafanya kazi. Sasa tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu, bei za kweli mtauliza wenyewe madukani.

Tuseme seti yenye waya ni shilingi 1,000 na isiyo na waya ni shilingi 2,000. Tuseme isiyo na waya inakula betri 3 kila miezi sita, na kila betri ni shilingi 60. Kwa mwaka ni betri 6, yaani shilingi 360. Kwa miaka mitatu ni shilingi 1,080. Jumla ya isiyo na waya ni shilingi 3,080, na yenye waya ni shilingi 1,000 ile ile. Tofauti ni shilingi 2,080. Kikundi cha watu 20 kimemtoza kila mtu shilingi 104 zaidi kwa sababu ya kukosa waya peke yake.

Je, kuna faida ya kulipa hizo? Wakati mwingine ndiyo:

1. Kama kikundi kinafundisha watu wengi kwa kutumia televisheni au projekta. Mwalimu anaweza kukaa nyuma pamoja na wanafunzi, na kibodi ikapitishwa mkono kwa mkono. Hakuna mtu wa kujikwaa kwenye waya na kuiangusha laptopu.

2. Kama laptopu ina matundu machache ya USB, na mengine yameharibika. Kipokezi kimoja kinachukua tundu moja tu, lakini kibodi na kipanya vyenye waya vinachukua mawili.

3. Kama kikundi hakina kompyuta kabisa ila simu. Hili wengi hawalijui. Simu za Android nyingi hukubali kibodi ya Bluetooth. Katibu anaegemeza simu yake kwenye kitabu, anaandika kumbukumbu zote kwa vidole kumi, kisha anazituma kwa mwenye duka la kuchapisha. Kibodi moja hapa inafanya kazi ya kompyuta ambayo kikundi hakijaweza kuinunua.

Kama hamna hata sababu moja kati ya hizi tatu, sisi tunawaambia wazi: nunueni yenye waya, pesa iliyobaki irudi kwenye sanduku. Hiyo siyo aibu. Barua iliyoandikwa kwa kibodi yenye waya husomwa ofisini sawa sawa na ile nyingine.

DUKANI: MAMBO YA KUANGALIA

Wachagueni watu wawili waende, si mmoja. Mmoja awe anaijua kompyuta, mwingine awe mweka hazina. Waende na laptopu yenyewe, au hiyo simu, kwenye mfuko. Kisha:

1. Jaribuni pale pale. Tieni betri, unganisheni, bonyezeni kila herufi kuanzia a hadi z, na namba zote. Mwenye duka akikataa msijaribu, tafuteni duka lingine.

2. Tazameni mpangilio wa herufi. Mstari wa juu wa herufi, kuanzia kushoto, usomeke Q W E R T Y. Kibodi za mtumba kutoka nchi nyingine mara nyingi ni tofauti. Ya Kifaransa huanza A Z E R T Y, na ya Kijerumani imebadilishana Z na Y. Kompyuta inaweza kurekebishwa, lakini anayejifunza atachanganyikiwa kila siku. Kiswahili hakihitaji herufi za pekee, ila kile kialama cha ng'ombe tu, nacho kipo.

3. Tazameni betri ni za aina gani. Zile za AA na AAA zinapatikana hata kwenye duka la kijijini. Kama kifaa kinataka betri ya aina ya pekee, mtaisafiria. Ziko pia seti zenye betri ya ndani ya kuchajiwa kwa waya wa simu. Hizo ni nzuri, lakini betri hiyo ikifa baada ya miaka, kuibadilisha ni kazi.

4. Kipokezi kiko wapi? Mara nyingi kimefichwa ndani ya kipanya, pale penye betri, au kwenye kishimo cha katoni. Kabla ya kutupa katoni, hakikisheni kipokezi kiko mkononi.

5. Ulizeni: kipokezi kikipotea, tutapata kingine? Kwa seti nyingi za bei nafuu jibu ni hapana. Kipokezi na kibodi vimefungishwa ndoa kiwandani. Kampuni ya Logitech, kwa mfano, ilianza mwaka 2009 kutoa kipokezi kiitwacho Unifying ambacho chaweza kuunganishwa upya na vifaa vyake vyenye alama hiyo. Lakini si kila kifaa cha Logitech kina alama hiyo. Someni katoni.

6. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na kitu kilichonunuliwa, na ulizeni muda wa dhamana uandikwe. Kutoka Taveta hadi Voi ni karibu kilomita 110. Mkinunua Voi au Mombasa bila kujaribu, kisha kitu kikagoma, nauli ya kukirudisha inaweza kupita bei ya kitu chenyewe.

Na vipi kuhusu kuvuka mpaka kwenda Holili au Moshi? Wengi huuliza, kwa kuwa ni karibu. Jueni kwamba ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya nchi za Jumuiya, kama mahindi na maharagwe. Kibodi iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kupitia Holili. Ulizeni forodha kabla, si baada. Na dhamana ya duka la ng'ambo ni ngumu kuidai.

KUUNGANISHA, HATUA KWA HATUA

Kwa kipokezi cha USB: tieni betri mkiangalia alama za + na −. Sukumeni swichi iliyo chini ya kipanya, na ya kibodi kama ipo, hadi iandike ON. Chomekeni kipokezi kwenye kompyuta. Ngojeni dakika moja bila kubonyeza-bonyeza. Basi. Kwa kawaida hakuna programu ya kununua wala ya kuwekewa. Mtu akikutoza pesa ati ya "kuiwekea programu", muulize kwanza ni programu gani na ya kazi gani.

Kwa Bluetooth: washeni kibodi, bonyezeni kitufe cha kuunganisha hadi taa imetemete. Kwenye laptopu au simu ingieni mahali pa mipangilio, fungueni Bluetooth, tafuteni jina la kibodi, liguseni. Mara nyingine simu itaonyesha namba. Ziandikeni kwa kibodi ile ile, kisha bonyezeni Enter.

IKIGOMA, FANYENI HIVI KWANZA

Msikimbilie kwa fundi. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo:

• Badilisheni betri. Hii ndiyo sababu ya kwanza kabisa. Mshale ukianza kurukaruka au herufi kuchelewa, betri imechoka.

• Hamisheni kipokezi. Tundu la USB lenye rangi ya buluu ni la kasi kubwa, na hilo hutoa kelele za redio katika mawimbi yale yale yanayotumiwa na kipokezi. Kikiwa hapo karibu na diski inayofanya kazi, kipanya kinaweza kukwama-kwama. Jaribuni tundu jeusi, au tumieni waya mfupi wa kuongezea kukiweka mbali kidogo.

• Ondoeni chuma katikati. Kompyuta ya mezani ikiwa chini ya meza ya chuma na kipokezi nyuma yake, mawimbi yanazuiwa. Chomekeni upande wa mbele.

• Angalieni meza. Kipanya huona njia kwa mwanga unaomulika chini yake. Juu ya kioo au meza inayong'aa kinapofuka. Tandikeni karatasi au kipande cha katoni.

• Pigeni vumbi. Vumbi letu tunalijua. Geuzeni kibodi chini juu, igongeni polepole, futeni kwa kitambaa kikavu. Baada ya kazi ifunikeni. Chai isiwekwe mezani.

Msichanganye betri mpya na kuukuu, na kama kibodi haitatumika kwa majuma mengi, toeni betri. Betri ikivuja, maji yake hula chuma cha ndani na kifaa kimekwisha.

SIRI ZA KIKUNDI

Hapa tuwe makini. Redio husikiwa na yeyote mwenye sikio. Mwaka 2016 wachunguzi wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zinatuma kila herufi bila kuificha. Mtu mwenye kifaa chake aliweza kusoma yanayoandikwa akiwa zaidi ya mita 50 mbali, hata nje ya nyumba.

Hatusemi kwamba jirani yako anafanya hivyo. Tunasema pesa za wajane na za karo za watoto zisiwekwe kwenye njia hiyo. Mkitaka kuingia kwenye akaunti ya benki, eCitizen au iTax, andikeni neno la siri kwa kibodi ya laptopu yenyewe au yenye waya. Kibodi za Bluetooth kwa kawaida huficha herufi, na baadhi ya seti za kipokezi pia. Tafuteni kwenye katoni maneno ya AES. Na PIN ya M-Pesa haina haja ya kuandikwa kwenye kibodi yoyote ile ya kikundi.

NANI ATAKITUNZA KIPOKEZI?

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mnajua kwa nini. Si kwamba tunashuku mtu, bali tunamlinda hata yule mwaminifu asisemwe.

Kipokezi nacho ni ufunguo. Kikipotea, seti nzima ni takataka. Kikikaa mfukoni mwa katibu, basi kompyuta ya kikundi imekuwa ya katibu. Hatari yenyewe ni hii: kijana mmoja ndiye ajuaye kuandika, ndiye mwenye kifaa, na kumbukumbu zote ziko kwake. Siku akipata kazi Mombasa, kikundi kimebaki bila sauti. Au akibadilisha hesabu, nani atajua?

Kwa hiyo tunashauri:

1. Kifaa kiandikwe katika daftari la mali: aina, namba yake, tarehe, bei, na nani alinunua.

2. Baada ya kazi kipokezi kirudishwe ndani ya kipanya kama kuna nafasi yake, au kwenye kikopo chenye kifuniko. Achukuaye atie sahihi, arudishaye atie sahihi.

3. Kumbukumbu zichapishwe na kusomwa mkutanoni, zitiwe sahihi na mwenyekiti. Daftari la mkono lisiachwe. Umeme hupotea, kalamu haipotezi umeme.

4. Watu wasiopungua watatu wajue kuandika kwa kompyuta, na mmoja wao awe mama mtu mzima.

KUJIFUNZA HAKUNA UZEE

Wako wanaosema, "Mikono yangu ni ya jembe." Si kweli kwamba jembe linazuia. Tazameni herufi F na J kwenye kibodi, mtaona kimstari kilichoinuka. Kidole cha shahada cha kushoto kikae F, cha kulia kikae J. Hata gizani mtapajua nyumbani. Nusu saa kwa siku, kwa majuma machache, mtu anaanza kuandika bila kuvizia kila herufi. Kwa kipanya, mchezo wa karata wa Solitaire ni mwalimu mzuri. Microsoft waliutia ndani ya Windows mwaka 1990, na watu wengi duniani walijifunza kushika na kuburuta kwa mchezo huo.

Wala Taveta si mgeni wa maandishi. Mwaka 1895 misheni ya CMS ilianza kutoa gazeti hapa hapa Taveta, likiitwa Taveta Chronicle. Miaka zaidi ya mia imepita. Hatuwezi kushindwa kuandika kumbukumbu za kikundi chetu wenyewe.

BETRI ZILIZOKUFA

Msizitupe shambani, chooni wala mto Lumi. Maji yale yanafika Ziwa Jipe, nasi tunanywesha ng'ombe na kumwagilia kwayo. Msizichome moto, hupasuka. Ziwekeni kwenye kopo kavu mbali na watoto, na mkienda mji mkubwa ulizeni wanaokusanya taka za umeme. Kikundi chenye umeme wa jua kinaweza kununua betri za kuchajiwa pamoja na chaja yake. Mwanzoni ni ghali, lakini hutumika tena mara nyingi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka jana tulilipa pesa ngapi kuchapishiwa makaratasi? Tafuteni risiti, msikisie.

2. Kati ya zile sababu tatu za kununua kifaa bila waya, sisi tuna ipi?

3. Katibu wetu akihama kesho, nani anaweza kufungua kumbukumbu zetu na kuziendeleza?

4. Kipokezi kitakaa wapi, na nani atatia sahihi?

Mkijibu maswali haya kwa ukweli, mtajua la kufanya, mkinunua au mkingoja. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.